Elementi za volti 230 kwenye umeme wa volti 690: uhami unaboreshwa wapi?

Swali: "Mimi ni fundi umeme katika kiwanda cha mafuta ya kula huko Tanga. Tuna tangi lenye elementi 18 za kuzamisha, kila moja kilowati 3 kwa volti 230, zimefungwa kwa nyota kwenye umeme wa fezi tatu wa volti 400. Mwenye kiwanda ameleta transfoma ya volti 690 kwa ajili ya mota mpya, na anataka hita nazo zihamie huko ili kebo ziwe nyembamba. Nimefikiria kuzifunga mbili mbili kwa mfululizo ili kila moja ipate chini ya volti 230, kisha kuimarisha kihami kwa vanishi na kujaza unga mpya katika zile zilizopima vibaya. Je, inafaa? Kama haifai, kihami cha hita huboreshwaje ili kibebe volti kubwa?"

Jibu: Ndugu fundi, nianze na uamuzi kisha nieleze sababu zake. Usizifunge elementi hizo kwenye volti 690, hata kwa mfululizo, na vanishi na unga wa kujazia uviache kabisa. Hesabu yako ya volti ni sahihi, ila inahusu waya peke yake, wakati swali lako ni la kihami.

Katika mfumo wa volti 690, kutoka fezi moja hadi nukta ya nyota, yaani pale miguu yote mitatu inapokutana, kuna volti 398. Ukiweka elementi mbili kwa mfululizo katika kila mguu, yaani kila njia ya kutoka fezi hadi nukta hiyo, kila moja inapata volti 199, na kwa kuwa nguvu hufuata mraba wa volti, tangi lako la kilowati 54 litabaki na kilowati 40.5. Upungufu huo wa robo huenda mkauvumilia. Hata hivyo volti 199 ni tofauti iliyopo kati ya ncha moja ya waya wa elementi na ncha yake ya pili, na kihami hakihusiki na tofauti hiyo. Kazi yake ni kuutenga waya na ganda la chuma, na ganda hilo limefungwa ethi, yaani limeunganishwa na ardhi. Pini ya kuingilia ya elementi ya kwanza katika kila mguu itakuwa na volti 398 juu ya ethi saa zote tangi linapofanya kazi, ingawa elementi yenyewe ilitengenezwa na kupimwa kwa ajili ya volti 230. Mfululizo hugawa volti za waya, lakini volti za kihami haugawi.

Hapo nimechukulia kwamba nyutro ya transfoma hiyo imefungwa ethi, jambo ambalo itakupasa ulihakikishe mwenyewe, kwa sababu mifumo mingi ya volti 690, hasa migodini, huachwa bila nyutro kufungwa ethi ili hitilafu ya kwanza isisimamishe uzalishaji. Katika mfumo wa namna hiyo, fezi moja ikigusa ethi mahali popote kiwandani, hata kwenye mota iliyo mbali na tangi lako, fezi mbili zilizobaki hupanda hadi volti 690 juu ya ethi na kukaa hapo kwa saa au siku kadhaa hadi mtu atafute hitilafu. Hita inayofungwa kwenye mfumo huo ni lazima kihami chake kiwe cha volti 690 kamili.

Mfululizo una kasoro nyingine isiyohusu kihami, lakini siwezi kuipita. Elementi moja ikipata shoti ya ndani kwa ndani, mwenzake hubeba sehemu kubwa ya volti za mguu mzima, na kama nukta ya nyota imefungwa kwenye nyutro, hubeba volti zote 398. Elementi ya kilowati 3 hapo hutoa karibu kilowati 9. Kwenye maji pengine ungesikia mchemko mkali tu, lakini kwenye mafuta ya kula ganda hujenga gamba la kaboni, joto hukosa pa kwenda, na tangi huanza kutoa moshi.

Sasa tuingie ndani ya elementi. Ukiikata kwa msumeno utaona tabaka tatu: katikati koili ya waya wa nikromu, ambao kwa kawaida ni nikeli asilimia 80 na kromi asilimia 20, kuizunguka koili kuna unga mweupe mgumu kama chaki iliyoshindiliwa, ambao ni oksidi ya magnesi, na nje kuna ganda la chuma cha pua au aloi nyingine. Oksidi ya magnesi ilichaguliwa kwa sababu ina sifa mbili ambazo ni nadra kukutana katika kitu kimoja, yaani huzuia umeme vizuri na hupitisha joto vizuri. Kwenye kiwanda cha kutengeneza elementi, oksidi iliyoyeyushwa katika tanuri la umeme husagwa kuwa chembe ndogo, humiminwa ndani ya mrija uliosimamishwa huku ukitetemeshwa, kisha mrija mzima hupitishwa kwenye roli zinazoupunguza kipenyo. Roli hizo hupandisha msongamano wa unga kutoka takriban gramu 2.3 hadi karibu gramu 3 kwa sentimita ya ujazo, wakati fuwele yenyewe isiyo na hewa ni 3.58.

Sababu ya kukataa wazo lako la kujaza unga mpya iko hapo. Kwa mkono, hata ukigonga mrija siku nzima, huwezi kuvuka ule msongamano wa mwanzo. Hewa inayobaki kati ya chembe huzuia joto lisitoke kwenye koili, koili huwa ya moto kupita kiasi, na unga uliokusudia uongeze uhami hupoteza uhami wake kwa joto hilo hilo. Ukinzani wa oksidi ya magnesi hushuka kwa kasi kadiri joto linavyopanda, kiasi kwamba elementi inayosoma mamia ya megaomu ikiwa baridi inaweza kusoma megaomu chache tu koili yake inapofika nyuzi mia kadhaa, bila kuwa na ubovu wowote. Vanishi nayo haipenyi kwenye unga ulioshindiliwa; hubaki mdomoni mwa mrija, ambapo joto huigeuza kaboni, na kaboni hupitisha umeme. Tepu ya PVC haifai hata kujadiliwa, kwa kuwa aina ya kawaida imetengenezwa kwa joto la takriban nyuzi 80 tu.

Pengine utashangaa nikisema kwamba katika volti 690 unga wenyewe, ukiwa mkavu na umeshindiliwa vizuri, kwa kawaida si mahali dhaifu. Chukua elementi yenye milimita 3 za unga kati ya koili na ganda. Kilele cha volti 398 ni volti 563, na volti hizo zikitandazwa kwenye milimita 3 hazikaribii uwezo wa oksidi kavu. Hata vitundu vya hewa vilivyobaki kati ya chembe havina la kuogopa, kwa sababu tangu kazi ya mwanafizikia Mjerumani Paschen ya mwaka 1889 inajulikana kwamba pengo la hewa, liwe dogo au kubwa, halitoi cheche mpaka lipate takriban volti 330 juu yake peke yake, na katika hita yako hakuna kitundu kimoja kitakachopata kiasi hicho. Mambo hubadilika katika hita za volti 4,160 na zaidi, ambazo leo hutengenezwa kwa ajili ya mitambo ya gesi na kemikali. Huko kila kitundu ndani ya unga huhesabiwa, kwa kuwa cheche ndogo ndogo zisizoonekana zinaweza kuutafuna uhami polepole hadi siku unapopasuka. Watengenezaji wa hita hizo hupanua mrija, hutumia oksidi safi zaidi, huhakikisha koili imekaa katikati kabisa, na hupima cheche hizo kabla ya kuuza.

Kama si unga, basi udhaifu uko wapi? Uko kwenye ncha, pale pini inapotoka ndani ya mrija. Fungua sanduku la terminali la hita iliyofanya kazi miaka kadhaa karibu na bahari, uiangalie kwa tochi. Utaona kishanga cha kauri kinachozunguka pini, na mara nyingi juu yake kuna mstari mwembamba mweusi wenye matawi, unaoanzia kwenye pini na kutambaa juu ya kauri hadi kwenye mdomo wa mrija. Mstari huo ni njia ya umeme. Chumvi, vumbi na unyevu vilitanda juu ya kauri, mkondo mdogo ukapita, ukakausha baadhi ya sehemu na kurusha cheche kwenye sehemu zilizokauka, na kila cheche ikaacha uchafu zaidi. Kauri yenyewe haiungui, ila uchafu ulio juu yake huungua na kubaki hapo.

Umbali wa kutambaa, yaani njia fupi kabisa juu ya uso wa kihami kutoka kwenye pini hadi kwenye chuma chenye ethi, umewekewa viwango katika IEC 60664-1, waraka wa tume ya kimataifa ya viwango vya umeme. Kwa mazingira machafu ya kiwandani na kihami cha plastiki ya daraja la chini, volti 250 zinadai milimita 4, volti 400 milimita 6.3, na volti 800 milimita 12.5. Pima elementi zako kwa rula. Mrija wa kipenyo cha milimita 8, wenye pini ya milimita 2 au 3 katikati yake, unakuachia milimita mbili au zaidi kidogo kila upande, na kilichobaki lazima kitoke kwenye urefu wa kishanga kinachojitokeza nje. Kwa volti 230 watengenezaji wengi huweka kiasi kinachotosha na si zaidi. Pima pia nafasi kati ya pini za fezi tofauti kwenye flanji, yaani bamba linaloshikilia elementi, ambazo sasa zitakuwa na volti 690 kati yao. Mara nyingi nafasi hiyo ndiyo inayomaliza mjadala kabla hata ya kufika kwenye uhami wa ethi.

Adui wa pili, na kwa pwani yetu ningesema ndiye mkubwa, ni unyevu. Hita ikipata joto, hewa iliyo ndani ya unga hutanuka na kutoka kupitia ncha. Ikipoa huvuta hewa ya nje, na hewa ya Tanga au Mombasa haiji mikono mitupu. Maji yakifika kwenye oksidi ya magnesi, sehemu yake hukaa kama unyevu wa kawaida na sehemu hugeuka kuwa hidroksidi ya magnesi. Unyevu wa kawaida utautoa kwa kukausha kwenye nyuzi 120 hadi 150. Hidroksidi haiachii maji yake mpaka ifike karibu nyuzi 350, joto ambalo hita ya mafuta ya kula haipaswi kulifikia kwenye ganda lake. Kwa hiyo elementi iliyokaa stoo miaka mitatu bila mfuko inaweza kukaushwa ikapona nusu tu, halafu ikarudi pale pale baada ya mwezi.

Kwa hiyo uboreshaji wa kweli hufanyika kwa kiasi kikubwa kwenye ncha, na hufanywa kwenye kiwanda kinachotengeneza elementi. Muhuri unaofunga mdomo wa mrija huamua mengi. Silikoni huvumilia takriban nyuzi 200, lakini hupitisha mvuke wa maji polepole. Epoksi huzuia unyevu vizuri zaidi, lakini zilizo nyingi huchoka kwenye joto ambalo silikoni hulivumilia. Muhuri wa kioo au wa kauri iliyounganishwa na chuma hauruhusu hewa kupita kabisa, na ndio ninaoupendelea kwa hita yoyote itakayofungwa pwani, ingawa bei yake ni kubwa na huvunjika ukikaza nati kwa nguvu. Wapo pia watengenezaji wanaotumia oksidi iliyopakwa silikoni kidogo ili chembe zisinywe maji, na hiyo inafaa kwa hita zisizofikia joto kubwa mno. Nyongeza nyingine ni pini baridi ndefu, yaani ile sehemu ya pini isiyopata joto, ambayo huuweka muhuri mbali na mafuta na kuurefushia maisha. Nyingine tena ni kishanga kirefu cha alumina, aina bora ya kauri, badala ya kile kifupi cha kauri ya kawaida.

Joto la koili nalo ni sehemu ya uhami, ingawa wanunuzi wengi hulifikiria kama suala la mafuta kuungua tu. Wati zikipungua kwa kila sentimita ya mraba ya ganda, koili hupoa na ukinzani wa unga hupanda. Kwa mafuta mazito ningekaa kati ya wati 1 na 2 kwa sentimita ya mraba, hata kama muuzaji anasema 3 inawezekana.

Kuna gharama iliyofichika katika hita ya volti kubwa ambayo mwenye kiwanda anapaswa kuijua. Elementi yako ya kilowati 3 kwa volti 230 ina ukinzani wa omu 17.6 na hupitisha ampia 13. Elementi ya kilowati 3 kwa volti 398 inahitaji omu 53 na hupitisha ampia 7.5. Ili kupata omu mara tatu, waya lazima uwe mwembamba zaidi na mrefu zaidi, na waya mwembamba hauvumilii makosa. Ndiyo maana watengenezaji hupendelea mrija mpana zaidi, kwa mfano wa milimita 16, ambao unatoa nafasi kwa koili na kwa unga kwa pamoja.

Kisha vipo vitu vinavyoizunguka hita. Nyaya laini za silikoni zinazounganisha pini ndani ya sanduku mara nyingi zimeandikwa 300/500 V na hazifai kwa volti 690. Breka ndogo za kwenye reli ni za volti 400 au 415, na ukizitumia kwenye 690 hakuna uhakika kwamba zitaukata mkondo wa shoti. Fyuzi na kontakta ziwe zimeandikwa 690 V.

Suala la uvujaji pia lisikushtue bila sababu. IEC 60335-1 huruhusu kifaa cha kupasha kisichohamishika, chenye ethi, kivujishe milampia 0.75 kwa kila kilowati, mwisho milampia 5. Kiwango hicho ni cha vifaa vya majumbani, si cha tangi la kiwanda, lakini kinakupa kipimo cha ukubwa: kwa kilowati 54 uwiano huo unafika milampia 40, na ile swichi ya uvujaji ya milampia 30, mnayoiita RCD, inaruhusiwa kuanguka hata kwenye 15. Kwa tangi kama lako ningeweka ya milampia 100 au 300 kwa ulinzi wa mtambo, na kuhakikisha ethi ya tangi ni nzuri kwa ulinzi wa watu.

Baada ya yote hayo, je, kuhamia volti 690 kuna faida? Kilowati 54 kwa volti 400 zinachukua ampia 78. Kwa 690 zinachukua ampia 45. Tofauti hiyo ya kebo, kwa umbali wa ndani ya kiwanda, hailipi bei ya elementi 18 mpya, fyuzi mpya na sanduku jipya. Kama hita ingekuwa ya megawati moja ningesema vingine, kwa kuwa hapo volti 400 zingehitaji ampia 1,443, volti 690 ampia 837, na volti 4,160 ampia 139 tu. Kwa ukubwa wako, ziache elementi kwenye volti 400. Kama umeme wa 400 utaondolewa kabisa upande huo wa kiwanda, weka karibu na tangi transfoma ya 690 kwa 400 ya kVA 63, yenye nyutro ya upande wa pili iliyofungwa ethi. Elementi zako hazitajua kwamba kuna kilichobadilika.

Ikiwa mwenye kiwanda atashikilia msimamo wake na kuagiza mpya, mwandikie muuzaji mambo haya kwa maneno, usimwachie ayakisie: volti kati ya waya na ganda ni 690 endelevu; kipimo cha uhimili wa volti kifanyike kwa kanuni iliyozoeleka ya mara mbili ya volti kuongeza 1,000, yaani 2,380, ambazo wengi huzikamilisha kuwa 2,500; aina ya muhuri na joto lake la juu; umbali wa kutambaa kwenye kila pini; wati kwa sentimita ya mraba. Elementi zako za sasa, kwa kanuni hiyo hiyo, yamkini zilipimwa kwa volti 1,500 hivi. Usijaribu kuzipima wewe kwa 2,500 ili uone kama zitapona, kwa kuwa kipimo chenyewe huweza kuacha jeraha litakalojitokeza baada ya miezi.

Zimebaki zile zilizopima vibaya. Zima umeme, fungua viungo ili kila elementi isimame peke yake, safisha vishanga kwa kitambaa kisichotoa nyuzi na spiriti, ziache zikauke, kisha pima kwa mega, yaani kipimio cha ukinzani wa kihami, ya volti 500. Iliyo chini ya megaomu moja itoe ukaikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 120 usiku mzima, baada ya kuhakikisha muhuri wake unavumilia joto hilo, ukipima kila baada ya saa moja au mbili. Usikate tamaa usomaji ukishuka mwanzoni, kwa kuwa joto huuamsha unyevu kabla ya kuufukuza. Baadaye utaanza kupanda, na kazi imekwisha ukitulia mahali pamoja. Ikitoka, ifungwe muhuri mpya ingali na uvuguvugu. Ambayo hata baada ya kukaushwa mara ya pili haifiki megaomu moja ikiwa imepoa, iondolewe kwenye kazi. Ukiondoa moja, usiuache mguu wake wa nyota wazi, kwa sababu bila nyutro wenzake wawili watabaki kwa mfululizo kati ya fezi mbili, kila mmoja kwa volti 200, na mizigo ya fezi haitalingana. Zitoe tatu kwa pamoja, moja kwa kila fezi, na zile mbili nzima uziweke akiba ndani ya mfuko uliofungwa wenye vifuko vya silika.